Rakuni Wazee wa Kanisa

Tena Boersma alikausha sahani yake moja, akairudisha kabatini, akatundika kitambaa kwenye mlango wa jiko, kisha akavuta kiti chake hadi dirisha la nyuma. Alitia peremende mdomoni. Huko uani jua lilikuwa limebakiza mwanga kidogo juu ya mashamba ya vitunguu, na rakuni walikuwa wameanza kushuka kutoka kwenye mwaloni. Mmoja alikuwa mnene kupita wenzake, mwingine sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika, na waliobaki hawakuwa na la kuwatambulisha. Walichukua maganda ya mkate aliyowawekea, wakayapeleka kwenye beseni la saruji ambalo marehemu mumewe alilijenga ili ndege waoge, wakayasugua majini kwa vidole vyao vyeusi, wakala.

Kwa asiyemjua, rakuni ni mnyama wa ukubwa wa paka aliyelishwa kupita kiasi. Mkia wake una pete, usoni ana utepe mweusi uliofunika macho kama mtu anayekwenda kuiba, na mikono yake ni mikono kweli. Zandhoek, mji mdogo wa Michigan, watu humwona kila siku na kumtukana kila siku, kwa kuwa hufunua mapipa yao ya taka. Tena hakumtukana. Tangu Hessel afariki alikuwa akikaa pale dirishani kila jioni mpaka giza liwafiche. Hakuwapa majina wala hakuzungumza nao. Aliwatazama tu, moyo ukatulia, akaenda kulala.

Lakini Zandhoek, raha isiyopitia kanisani hutazamwa kwa jicho la pembeni. Watu wa pale ni wajukuu wa Waholanzi waliohama kwao kwa sababu waliona wenzao hawamchi Mungu vya kutosha, na walipofika Michigan wakagawanyika tena kwa sababu ileile, ndiyo maana kuna makanisa mawili yanayotazamana barabarani bila kusalimiana. Hawakati majani Jumapili. Huenda ibadani asubuhi, hurudi jioni, na mahubiri yakianza kila mama hupitisha peremende katika safu yake, ili watakaosinzia wasinzie na harufu nzuri kinywani. Ni watu wasafi sana. Vioo vya madirisha yao vinang'aa, na wao huamini kwamba hilo latosha.

Kila mwaka, majani yanapopukutika, wazee wa kanisa hufanya ziara nyumba kwa nyumba, wawili wawili, wamevaa suti nyeusi. Hukaa sebuleni wakapewa kahawa na mkate wa lozi. Humuuliza mwenye nyumba kama anaendelea vyema katika imani, naye hujibu ndiyo. Humuuliza kama kuna linalomsumbua, naye hujibu hapana. Kisha huomba, huaga, na njiani hulinganisha mkate wa lozi wa nyumba hii na wa nyumba iliyotangulia.

Mwaka ule kwa Tena walikuja Wendell Postma, mkulima wa vitunguu, na Lambert Boersma, mdogo wake marehemu Hessel. Lambert alikuwa na mwana, Kirk, aliyekuwa akiishi na mke na watoto wawili katika vyumba vya kupanga juu ya duka la rangi, na mtoto wa tatu alikuwa njiani. Nyumba ya Tena ilikuwa na vyumba vinne na mjane mmoja. Lambert alikuwa ameshapiga hesabu hiyo tangu siku ya mazishi ya kaka yake, akiwa na skonzi ya nyama ya nguruwe mkononi.

Ziara ilikwenda kama ziara zote, ila Tena aliwaketisha jikoni. Lambert alikula vipande vitatu vya mkate wa lozi, akauliza, akajibiwa, akatazama saa ya ukutani. Ilipofika magharibi Tena aliinuka.

"Samahani, shemeji," alisema. "Wamefika."

Akageuza kiti chake, akakitazamisha dirishani, akakaa. Wazee wawili waliachwa wakitazama kisogo chake na fundo la nywele zake nyeupe. Nje, rakuni nao walikuwa wakitazama ndani. Walikuwa wamepanda juu ya beseni la saruji, mmoja karibu na mwingine, na kumbe walikuwa wamefika mapema wakaiona ziara yote tangu mwanzo: suti, vikombe, mikono iliyokunjwa, na jinsi mkate wa lozi unavyokuja bila kuombwa.

Walipotoka Lambert alisimama kwenye ngazi, akavaa kofia yake.

"Umeona mwenyewe," alimwambia Wendell. "Kichwa kimeshaondoka."

Wendell hakuona kichwa kilichoondoka. Alimwona mwanamke akitazama nje kupitia dirisha lake mwenyewe. Lakini chakula kilikuwa kinamngoja nyumbani, na kumpinga Lambert ni kazi ya saa nzima, kwa hiyo akasema ameona.

Baraza la wazee likakaa. Likaambiwa kwamba dada Tena amechanganyikiwa, anawapa kisogo watumishi wa Bwana ili atazame wanyama, na kwamba kwa rehema za Mungu katika nyumba ya wakongwe ya kanisa kumepatikana chumba. Hakuna aliyesema atolewe kwa nguvu. Watu wa Zandhoek hawamlazimishi mtu. Humwombea mpaka akubali. Jumapili iliyofuata Mchungaji Vriesman alimtaja Tena kwa jina katika sala ndefu, kati ya mgonjwa wa nyonga na wamisionari.

"Tunamkumbuka dada yetu Tena katika kuchanganyikiwa kwake," alisema. "Umlainishe moyo, akubali kupumzika."

Wote wakaitika amina. Tena alikuwa amekaa safu ya nne, mahali alipokuwa amekaa tangu aolewe, na peremende mdomoni. Alifikiri amesikia vibaya. Aliporudi nyumbani akasimama katikati ya jiko na koti mwilini, akakitazama kila kitu kimoja kimoja, sufuria, kalenda, kiti, dirisha, na akaelewa kwamba wanaitaka nyumba yake.

Wiki ileile Berdina, mkewe Wendell, alikuwa akipiga pasi aliposikia mlango unabishwa. Nje walisimama rakuni wawili, yule mnene na yule mwenye sikio lililochanika. Walipangusa miguu kwenye zulia la mlangoni, wakapita, wakakaa kwenye kochi, wakakunja mikono tumboni. Berdina aliwatazama. Walikuwa wawili, walikuwa wamenyamaza, na msimu ulikuwa wa ziara. Akaenda kupika kahawa.

Mtu wa mji mwingine angechukua ufagio. Mwanamke wa Zandhoek hana ujuzi huo. Aliyekaa kwenye kochi lake ni lazima anywe kahawa, aliyekunywa kahawa msimu ule ni mgeni wa ziara, na mgeni wa ziara ni lazima ajibiwe. Berdina alikaa mbele yao akangoja maswali. Rakuni hawakuuliza. Wazee huuliza, na swali humpa mtu pa kujificha. Ukiulizwa kama waendelea vyema unajibu ndiyo na mlango umefungwa. Hawa walimtazama tu na yale macho yao ndani ya utepe mweusi, wakaosha mkate wa lozi kwenye kahawa, wakala, wakamtazama tena.

"Tena si mwendawazimu," Berdina alisema. "Ana akili kunishinda mimi. Juzi amenikumbusha siku ya kuzaliwa ya mwanangu mwenyewe."

Wendell aliingia kutoka shambani, akavua viatu, akawaona wageni, akakaa. Hakumuuliza mkewe lolote. Baada ya kitambo naye alisema kwamba pale kwenye ngazi hakuona kitu, ila alikuwa na njaa. Rakuni waliinamisha vichwa kwa muda kama ilivyo desturi, kisha wakashuka kwenye kochi wakaenda zao. Berdina alikung'uta manyoya kwenye mto akaendelea na pasi.

Wakapita nyumba baada ya nyumba. Baada ya juma moja walikuwa jozi tatu, wakagawana mitaa. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwaambia kwamba anajua Tena hana tatizo, lakini yeye ni mpangaji wa Lambert. Mpiga kinanda aliwaambia kwamba sauti ya Tena katika tenzi humkera, na nyumba ya wakongwe ina ibada yake yenyewe. Mchungaji Vriesman aliwapokea katika chumba chake cha vitabu, akanyamaza muda mrefu kuliko wote maana alikuwa amesoma zaidi, kisha akasema kwamba sala ya Jumapili ni ndefu, lazima ijazwe na kitu, na kumwombea Tena ni rahisi kuliko kujiombea yeye. Nyumba nzima ya Mungu ilikuwa na ukweli, kila mtu na kipande chake, na kila mtu alikikabidhi kwa mnyama asiyesema.

Kwa Lambert walifika Jumanne jioni. Geneva, mkewe, alikuwa ameoka tangu Jumatatu, kwa sababu ilijulikana kwamba zamu ya mtaa wao imefika na hakutaka kusikia kwamba mkate wa Berdina ulikuwa na lozi nyingi zaidi. Lambert alivaa tai. Aliwapa wageni peremende, mmoja mmoja, akakaa kwenye kiti chake cha mikono, akangoja kuulizwa. Alingoja mpaka kahawa ikapoa.

"Nyumba naitaka kwa ajili ya Kirk," alisema mwishowe. "Tena haumwi chochote. Hata kaka alikuwa akisema yeye ndiye mwenye kichwa katika ndoa yao. Lakini ana vyumba vinne, na mimi nina wajukuu. Kabla ya Pasaka atakuwa ameshatoka."

Geneva alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Aliwauliza wageni kama awaongeze. Mwenye sikio lililochanika alisogeza kikombe. Yule mnene alikuwa akiosha peremende yake kwenye kahawa. Aliisugua, akaisugua, mpaka ikayeyuka yote, kisha akavitazama viganja vyake vitupu, mbele na nyuma. Lambert naye alivitazama. Walipoondoka alimwambia mkewe kwamba hajapata kuwa na ziara yenye baraka kama ile, na usiku huo akalala fofofo.

Hivyo ndivyo walivyolala wote. Mji mzima ulikuwa umetua mzigo, na watu walisalimiana barabarani kwa furaha ambayo haikuonekana tangu kanisa linunue kinanda kipya. Ukweli ulikuwa umesemwa, tena mbele ya wageni wawili, kama sheria inavyotaka, na jambo likishasemwa namna hiyo, kule Zandhoek huhesabiwa kuwa limekwisha. Kwa Tena peke yake rakuni hawakufanya ziara. Walikuja uani jioni wakala maganda yao ya mkate, kisha wakaenda kazini.

Habari zilimfikia kwa njia ya kawaida. Geneva alimpigia Berdina simu kujivuna kwamba mumewe hakuwaficha wageni hata neno moja, na Berdina akaja kwenye ua wa michongoma kumsimulia Tena.

"Alisema mwenyewe, mwenzangu. Kwa kinywa chake. Kwamba huumwi chochote, ni nyumba tu anayoitaka."

"Na wewe?"

"Na mimi nilisema. Na Wendell. Sote tumesema."

Tena alishika ua kwa mkono mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili alikuwa na raha. Alifikiri, kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri, kwamba watu wakishakiri kwamba wanakudhulumu wataacha kukudhulumu. Siku ya pili alikwenda kununua vitunguu vya maua ya tulipu, gunia dogo, akavipanda uani kuzunguka beseni la saruji kabla ardhi haijaganda. Vingechanua majira ya Pasaka, naye angekuwa amekaa pale pale dirishani akiviona. Alipanda akiimba, na mpiga kinanda akapita akamsikia.

Jumapili alivaa gauni lake la buluu. Alikaa safu ya nne. Berdina alimpitishia peremende. Sala ndefu ikaanza, ukatajwa ukame, akatajwa mgonjwa wa nyonga.

"Na tunamkumbuka dada yetu Tena katika kuchanganyikiwa kwake," alisema mchungaji.

Wakaitika amina, na amina ya Berdina ilikuwa karibu sana na sikio lake.

Baada ya ibada Tena hakwenda kunywa kahawa katika chumba cha chini ya kanisa. Alimngoja Lambert kwenye ubaraza wa kanisa, watu wakipita na kutazama viatu vyao.

"Shemeji," alisema, "uliwaambia rakuni kwamba siumwi."

"Niliwaambia."

"Sasa mbona naombewa?"

Lambert alimtazama kwa upole. Upole ule alikuwa nao tele. Ulimjaa usoni kila alipokuwa anachukua cha mtu.

"Nilisema, Tena. Nikaungama. Limekwisha, nimesamehewa, na mimi sibebi tena jambo lile. Wewe ndiye uliyelishikilia." Akampapasa bega. "Tuzungumzie siku ya kuhama."

Tena alisema hahami. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kila aliyesikia baadaye alisimulia kwamba alipiga kelele.

Baraza la wazee lilikutana tena, safari hii kuhusu rakuni wenyewe. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Swali lililowachukua jioni nzima lilikuwa kama rakuni wale ni wa kanisa letu au wa kanisa la ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mzee mmoja aliwaona wakitoka kwenye mapipa ya upande ule. Wendell alisema kula taka za mtu si kukubali mafundisho yake. Hoja hiyo ikapita. Kisha Lambert akasimama akasema kwamba wazee wana mashamba na mafuta ya trekta na migongo inayouma, na kwamba rakuni hawa wanafanya ziara vizuri kuliko mtu yeyote, watu wanafunguka, na hawachoshi. Wakapiga kura. Kuanzia hapo ziara za kanisa zilikabidhiwa rakuni, na wazee wakapata jioni zao.

Cheo kina mambo yake. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na waliostahili kustaajabu walikuwa wanaoka mikate. Baada ya theluji ya kwanza rakuni walikuwa wamenenepa kwa lozi na siagi hata hawakupanda tena mwaloni. Walijifunza kutazama saa ya ukutani. Walijifunza kuinuka kabla mtu hajamaliza la mwisho, maana nyumba inayofuata ilikuwa na mkate wa moto. Uani kwa Tena maganda ya mkate yalilala juu ya theluji yakagandamana. Jioni nyingine alikuja yule mwenye sikio lililochanika, akayageuza kwa mkono, akanusa, akaenda. Beseni lilikuwa barafu tupu. Tena aliendelea kukaa dirishani, akitazama mahali walipokuwa.

Kwa upande wao watu waliendelea na upendo. Kwa miaka yote ya ndoa yake na ujane wake, kila msiba ulipotokea, Tena ndiye aliyepaka siagi skonzi za mazishi, yeye na kisu chake chenye mpini wa mfupa, katika chumba cha chini ya kanisa. Alipokufa yule mgonjwa wa nyonga, Tena alishuka na kisu chake kama kawaida. Geneva alikichukua mkononi mwake taratibu sana.

"Pumzika, dada," alisema. "Tutafanya sisi."

Akatii, akakaa kwenye kiti kando ya ukuta akawatazama wakipaka. Walikuwa wanapaka vibaya, katikati tu, pembeni pakavu, na aliposema hivyo walitazamana. Aliposema supu ina chumvi walitazamana. Aliposema baridi ya mwaka huu inazidi walimwambia taratibu kwamba ndiyo, ni baridi, na wakamuuliza kama anakumbuka ni mwezi gani. Alikumbuka. Akaanza hata hivyo kuutaja mwezi kimoyomoyo kila asubuhi, ili akiulizwa uwe tayari, na mtu anayefanya hivyo ameshaanza kuwapa haki. Siku moja alitia chumvi kwenye kahawa. Yeyote hutia chumvi kwenye kahawa siku moja. Tena alikaa mbele ya kikombe kile mchana kutwa.

Wiki mbili kabla ya Pasaka alikubali kuhama. Alimwambia Lambert kwa simu, maneno machache, naye Lambert akasema Mungu ni mwema. Jumapili iliyofuata zilitolewa shukrani kwa sala zilizojibiwa, na Mchungaji Vriesman alikuwa na chozi la kweli.

Siku ya kuhama wanaume walikuja na pikapu na wanawake wakaja na skonzi. Hakuna anayeweza kusema kwamba Tena hakusaidiwa. Palikuwa na mikono mingi kuliko vitu. Rakuni nao walikuja kwa kuwa walikuwa wa kamati ya ziara. Walikaa kwenye ngazi za mbele, wawili wawili, wakapewa skonzi, wakazunguka nyuma kuziosha kwenye beseni ambalo barafu yake ilikuwa imeyeyuka. Tena aliomba jambo moja tu, achukue kiti chake cha jikoni. Lambert alimwambia vyumba vya kule vina viti vyote, vizuri kuliko hicho. Kirk alikuwa karibu, akakichukua kile kiti akakirudisha ndani.

"Wawekeeni maganda ya mkate nje jioni," Tena alimwambia Shelly, mkewe Kirk, aliyekuwa amesimama na tumbo lake jikoni akipima madirisha kwa ajili ya mapazia.

"Usijali, mama mkubwa. Tutawawekea."

Alipokuwa anapanda gari alipita karibu na yule mwenye sikio lililochanika. Rakuni alimtazama kwa macho makavu, mdomo umejaa siagi. Tena naye alimtazama kama alivyomtazama jioni zote zile.

"Hata nyinyi," alisema.

Lambert alimfungia mlango. Baadaye, wakila, alisimulia kwamba mpaka dakika ya mwisho maskini alikuwa akizungumza na wanyama.

Nyumba ya wakongwe ni safi na ina joto. Dirisha la Tena linatazama maegesho ya magari, nalo halifunguki, kwa usalama wake. Kila siku nesi humuuliza ni mwezi gani, naye hujibu vizuri, na nesi humsifu kama mtoto aliyevaa viatu mwenyewe. Ziara yake ya mwaka ilifanyika mapema, kwa kuwa rakuni walitaka kuyamaliza majengo makubwa kwanza. Wawili walipanda kwa lifti, wakakaa kando ya kitanda, mikono tumboni. Tena aliwapa ganda la mkate alilokuwa amelificha ndani ya kitambaa tangu asubuhi. Walitazama huku na huku wakitafuta maji. Hakukuwa na maji karibu, wakaliweka mezani.

"Siumwi," Tena aliwaambia. "Nilikuwa nawatazama tu. Ni hilo tu nililolifanya."

Walimsikiliza kama walivyomsikiliza kila mtu. Kisha yule mnene aliitazama saa ya ukutani, wakainamisha vichwa, wakaondoka. Nesi alikuja akalitupa lile ganda.

Tulipu zilichanua Pasaka, nyekundu, kulizunguka beseni lote. Shelly alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Jioni alikivuta kile kiti cha jikoni hadi dirisha la nyuma, akakaa akinyonyesha, na huko nje rakuni wengine, wadogo, wasio na cheo, walikuwa wakishuka kutoka kwenye mwaloni kufuata maganda ya mkate. Waliyasugua majini kati ya maua. Shelly aliwatazama mpaka giza likawaficha. Kesho yake alikaa tena, na kesho kutwa yake, na chakula cha jioni kikaanza kuchelewa, Kirk asijali.

"Unajua wanatuliza," alimwambia Kirk. "Unasahau kila kitu. Sasa ndiyo naelewa mama mkubwa alikuwa anaona nini hapa."

"Itabidi tumwambie," alisema Kirk. "Krismasi, tukienda kumwona."

Jumapili Shelly aliwasimulia kina mama wenzake, wakinywa kahawa chini ya kanisa, jinsi anavyokaa dirishani kila jioni asiweze kuinuka, hata mzee Postma alipokuja kuazima toroli alimwacha mlangoni. Wakacheka. Geneva alisema huo ni moyo wa kupenda viumbe vya Mungu, na Berdina akasema kweli, ni moyo mzuri. Hakuna aliyemwombea.